Bwana Mipango na Kona ya Majivu

Siku uvumilivu uliponiishia nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni, na mwingine nimemshika mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umefungwa plasta. Tulikuwa tunapanda Njia ya Miguu kwenda shule. Honi ikalia nyuma yetu. Haikuwa honi ya kuomba nafasi, ilikuwa honi ya kufukuza kuku. Nikageuka, nikaiona pikapu ile ile, nyeupe, ndogo, imejaa sangara mpaka mikia inaning'inia nje. Ndiyo iliyompiga binti yangu kwenye kona, ikamvunja mkono, ikaenda zake bila kusimama.

Watu wanasema nilipiga kelele. Kelele zilikuja baadaye. Kwanza nilimweka binti chini ya mwarobaini, nikaenda nyuma ya ile pikapu, nikaingiza vidole kwenye matamvua ya sangara mmoja, nikamvuta, nikarudi naye mbele nikaupiga naye uso wa gari. Kioo hakikuvunjika. Magamba yakabaki yamenata pale mbele ya macho ya dereva.

"Shuka!" nikamwambia. "Shuka unieleze hii ni njia ya nani."

"Mama, una wazimu? Barafu inayeyuka!"

"Mtoto wangu umemvunja mkono, unanieleza barafu? Shuka, mura, kijana wewe!"

Kijana akashuka nusu, mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Usinigombeze mimi, mimi nimeajiriwa. Mgombeze mwenye gari."

"Mwenye gari nani?"

"Si Bwana Mipango."

Watu walikuwa wameshajaa. Wakacheka wote. Mama mmoja wa maandazi akasema, "Bwana Mipango anunue gari? Baiskeli yenyewe imemshinda!" Lakini dereva hakucheka. Alisema tu, "Nendeni mkamuulize," akarudi ndani, akasubiri nitoke njiani. Nilitoka nilipotaka. Yule sangara sikumrudisha. Tulimla.

Tangu siku ile sijakaa sawa kichwani. Kama mwenye gari angekuwa mfanyabiashara yeyote wa samaki, ningejua nimchukie vipi. Lakini njia ile aliitengeneza Bwana Mipango. Aliitengeneza wakati mimi ni mtoto, ili magari yasipite. Sasa gari linalopita ni la kwake. Anieleze mtu, mimi nianzie wapi?

Naanzia baiskeli.

Alikuwa afisa mipango wa mji wetu wa Musoma, na sisi watoto hatukujua kama ana jina lingine. Alizaliwa wapi, ukoo gani, wenye kupenda hayo wakamuulize. Mimi namjua tangu nyumba yake ilipokuwa ya tatu kutoka kwetu, huku juu ya mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Ofisi ilimpa baiskeli. Ilikuwa wakati ule wa shida, sabuni ya foleni, sukari ya foleni, petroli haipo, na Land Rover ya ofisi imekaa juu ya mawe kuku wanatagia ndani. Kila asubuhi alitoka na baiskeli yake, akaisukuma. Alikwenda nayo ofisini anaisukuma, akarudi nayo anaisukuma. Hatukuwahi kumwona ameikalia.

Watu wazima walisema anatunza matairi. Ilikuwa sababu nzuri, maana tairi la baiskeli siku zile ulikuwa unalipataga kwa kujuana, na wabeba samaki wengine walikuwa wanaendesha matairi yaliyoshonwa kwa mipira kama viatu. Basi wakamheshimu. Mtu wa serikali anayejinyima! Mkewe ndiye aliyemwambia mama yangu, wakiwa wanafua ziwani, kwamba mume wake hajui kuendesha. Alijifunza ukubwani, akaanguka kwenye mawe, akaapa.

Na mtu huyu ndiye aliyekuwa anasimama kwenye mikutano anatufundisha jinsi mji unavyotakiwa kuwa na njia za baiskeli! Alikuwa anajua upana wa baiskeli yenye matenga mawili ya dagaa. Alijua mbeba samaki akipanda mlima anayumba kiasi gani, na kwamba akishuka hawezi kusimama ghafla. Nilimuuliza siku moja, nikiwa sekondari, nimeshajifunza kujibu wakubwa, "Mzee, umejuaje na wewe huendeshi?" Akasema, "Anayeendesha anaangalia mbele. Mimi ninayesukuma nawaangalia wote." Sijui kama lilikuwa jibu au alinikwepa. Mpaka leo sijui.

Alikuwa na neno lake: "Mimi sichori, nafuata." Maana yake ni kwamba hakuamini njia iliyoanza kwenye karatasi. Alisema wenzake wanachora barabara halafu wanawagombeza watu kwa kukata kona kwenye majani. Yeye alitaka aone kwanza miguu inaenda wapi. Na karatasi zenyewe za kuchorea hazikuwepo. Kwa hiyo alikuwa anatoka alfajiri na ndoo ya majivu, anayamwaga ardhini, mstari mwembamba kukatisha pale watu wanapopita, halafu anakaa pembeni na baiskeli yake anaangalia nyayo zinavyokanyaga. Siku ya Jumapili ndiyo aliipenda zaidi, kwa sababu watu wanakwenda kanisani bila mizigo, wanapita wanapotaka.

Sasa fikiria. Sisi wazazi wetu ni wa huku, wengine wametoka Murangi na Kibara kwa ajili ya samaki, wengine wana ng'ombe bado kijijini. Ni Wakristo, ndiyo, wanaimba kwaya. Lakini mtu mzima, asiye wa kabila letu, anamwaga majivu njiani kabla jua halijatoka, halafu anajificha pembeni kuona nani anakanyaga? Unataka waseme nini?

Mama yangu ndiye aliyeona wa kwanza. Alinivuta mkono. "Usikanyage hapo." Tukazunguka, tukapita nyuma ya jiwe kubwa, tukatokea kwa juu. Nyuma yetu mama mwingine akazunguka, na mumewe na Biblia yake akazunguka. Jumapili iliyofuata kila mtu alizunguka, hata waliokuwa hawajui kwa nini. Na Bwana Mipango amekaa pale chini ya kivuli, anaangalia, anatikisa kichwa kwa furaha.

Akaipitisha njia pale pale tulipozunguka. Akaiwekea mawe pembeni, akaimwagia kokoto. Ndiyo kona yenyewe. Njia nzima kutoka mwaloni imenyooka, inapita kwetu, zahanati, inaelekea sokoni na shuleni. Pale katikati tu inajipinda nyuma ya jiwe bila sababu, halafu inarudi. Ukitoka juu humwoni anayetoka chini.

Hakuna aliyemwambia. Nani atamwendea mtu amwambie, tulidhani wewe ni mchawi? Waliacha tu, na baada ya muda wakamzoea, wakaona majivu yake hayaui mtu, lakini kona ilikuwa imeshajengwa. Na yeye akaanza kuisifia. Alileta wageni kutoka ofisi za mkoa akawaonyesha. Tulikuwa tunamsikia: "Hapa mnaona busara ya wananchi wenyewe. Kona hii inapunguza mwendo wa baiskeli kabla ya zahanati." Wageni wanaandika. Mama yangu amesimama pembeni na ndoo ya maji kichwani, anaangalia chini. Akifika nyumbani anacheka mpaka anakaa.

Lakini nisiseme uongo kwa sababu ya hasira. Njia ile ilikuwa nzuri. Alipanda miarobaini upande wa magharibi, na watu wakamwambia amekosea, kivuli cha asubuhi kitakosekana. Akasema asubuhi mnakwenda mna nguvu, jioni ndiyo mnarudi mmechoka na jua linawapiga usoni. Alijenga mahali pa kutua mizigo: ukuta mfupi wa mawe, wa urefu wa bega, ili mwanamke aliyebeba peke yake autelemshe mzigo na kuuchukua tena bila kumwita mtu. Nani mwingine katika ofisi yoyote ya serikali aliwahi kukaa akafikiria bega la mwanamke? Mimi nimejifunza kusoma na kuandika nikipita njia ile, ninatembea na kitabu mkononi, kwa sababu hakuna kitu cha kunigonga. Watoto walikuwa wanatumwa sokoni peke yao. Jioni ilikuwa kama sebule. Vijana wanasindikiza wasichana, wazee wanasalimiana, mtu wa baiskeli anapiga kengele mara moja tu, kwa adabu. Mume wangu nilimpata pale, kama mnataka kujua.

Bwana Mipango aliwasalimia watembea kwa miguu wote, hata mlevi. Mwenye gari hakumsalimia. Kama ni mkuu fulani wa ofisi za mkoa anapita na gari, alikuwa anasimama, anaangalia ziwa mpaka gari lipite. Mkuu huyo akishuka, anamwamkia kwa heshima zote. Walisema ana kiburi. Wengine walisema haoni vizuri mbali.

Mawe ya mlangoni ndiyo kisa kingine. Alikuwa ameenda Butiama kwenye msiba, akasimama jioni kwenye zizi la watu anaangalia ng'ombe wakiingia. Mlango wa zizi ulikuwa mwembamba, umewekwa upande upande, ng'ombe waingie mmoja mmoja wahesabike. Wenye msiba wanasema alisahau kuingia ndani kula. Aliporudi Musoma akasema amepata mlango wa mji. Saruji ilikuwa hakuna, lakini mawe Musoma hayajawahi kwisha. Wanaume wakatoka na mitaimbo, siku ya kazi za kujitolea, wakabingirisha majiwe mpaka kila mwisho wa njia, yakapangwa upande upande. Mtu anapita. Baiskeli na matenga yake inapita. Gari halipiti.

Kuni pia hazikupita.

Hilo hakulifikiria. Alipima kila kitu, hakupima mzigo wa kuni juu ya kichwa, ambao umelala kukatisha, mrefu huku na huku. Wanawake walifika kwenye mawe, wakagonga, wakarudi nyuma, wakajaribu kupita kwa ubavu kama kaa. Mmoja akaanguka. Siku hiyo mama yangu aliongoza wenzake mpaka mlangoni kwa Bwana Mipango, wote na mizigo kichwani, wakakataa kuitua.

"Wewe umetupima kiunoni," mama akamwambia. "Sisi tunapimwa kichwani."

"Mama, si mngegeuza mzigo uangalie mbele?"

"Nigeuze mzigo? Kuni ya nyuma inanichoma mgongo, ya mbele inanitoa macho. Njoo uubebe wewe."

Akaubeba! Naapa. Mbele ya mkewe, mbele yetu watoto, alijitwisha mzigo wa kuni, shati jeupe, suruali ya ofisi, akatembea nao mpaka kwenye mawe. Akagonga. Akageuka, akagonga tena. Watoto tulilala chini kwa kucheka. Akautua, akafuta jasho, akasema, "Mawe yasogezwe." Yakasogezwa kesho yake, mpaka mzigo wa kuni upite bila kugusa.

Siku zile gari la mjini lilikuwa Land Rover au lori, na hayo yote bado hayakupita. Nani alijua kwamba huko wanakotengeneza magari watatengeneza gari la upana wa mzigo wa kuni?

Mji wa Bunda alishindwa nao. Alipelekwa huko kwa muda, na barabara kubwa ya Mwanza inapita katikati ya mji, watu wa mtaa wa Nyasura wanatembea pembeni yake na malori yanawapuliza. Alitaka njia ya miguu ipite nyuma ya maduka. Wenye maduka wakamkalia kikao. Mjomba wangu alikuwa na duka pale, na anapenda kuigiza:

"Bwana Mipango, mteja akipita nyuma ataona nini? Choo changu?"

"Hamisha choo, fungua mlango wa pili."

"Nilinde milango miwili? Wewe umewahi kuuza hata kiberiti?"

Akarudi Musoma bila njia. Mjomba anacheka anapoisimulia. Lakini mwaka mwingine tukaenda Bunda kuzika mtoto wa jirani yake, aliyegongwa palepale, na mjomba hakucheka. Alisema tu, "Yule bwana alikuwa msumbufu." Alilisema kama mtu anayesifia na kutukana pamoja.

Basi ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Ghafla kila kitu kipo. Sabuni zipo za rangi zote, nguo za mitumba, tairi za baiskeli zimening'inia madukani kama bangili. Tulifurahi, asiniambie mtu hatukufurahi. Vikaja na vigari vidogo vilivyotumika, na kiwanda cha minofu ya sangara kikafunguliwa ng'ambo ya soko. Samaki aliyekuwa anapanda kwa baiskeli asubuhi nzima sasa alitakiwa kiwandani kabla barafu haijaisha. Barabara kubwa inazunguka mbali, ina mashimo. Njia ya Miguu imenyooka, ina kokoto, ina kivuli. Dereva wa kwanza alijaribu mawe, akakunja vioo vya pembeni, akapita. Wengine wakamfuata.

Wakati huohuo ofisi zikapunguza watu. Bwana Mipango akapunguzwa. Alipewa kiinua mgongo, tukamwona bado anatoka asubuhi na baiskeli yake, anaisukuma mpaka karibu na ofisi, anageuka. Tukamhurumia. Mimi nilimhurumia! Nilimpelekea sato na ugali mkewe alipougua. Kumbe kiinua mgongo kilikuwa kimegeuka pikapu.

Nilikwenda kwake siku ileile ya sangara, jioni, na binti yangu. Alikuwa barazani anafuta spoku za baiskeli.

"Shikamoo, Bwana Mipango."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye?"

Hakuuliza ndiye nani. Aliuangalia ule mkono, akaweka kitambaa chini. Binti akamwamkia, yeye akaitikia kwa sauti ambayo haikutoka vizuri.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua siku ileile aliyogongwa. Dereva alisema amegusa kitu. Nikamuuliza kitu gani, akasema labda mbuzi. Nikajua si mbuzi."

"Na kwamba anapitaga kule kila siku?"

"Hilo nalijua tangu mwanzo."

"Ukanyamaza."

"Nilimwambia azungukie barabara kubwa. Akanijibu kiwandani anayefika wa mwisho samaki wake wanarudishwa. Nikamwambia basi apite polepole."

"Polepole! Wewe? Wewe uliyekuwa humsalimii mwenye gari?"

"Hata sasa sijawahi kulipanda," akasema, kama vile hilo ni kitu cha kunituliza. "Nakwenda kuliangalia kwa miguu."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga na kitambaa chake. Mkewe alikuwa ametoka mlangoni, mwembamba, amejishika kwenye fremu. Dawa zake zinatoka wapi nilikuwa najua. Sikutaka kujua, lakini nilijua.

"Kitu nisichoelewa ni kona," akaendelea, sasa anajisemea mwenyewe. "Kona ile ilitakiwa kupunguza mwendo. Ni kitu bora kuliko vyote nilivyojifunza kwenu. Niliwaona mnazunguka pale, wote, wazee kwa watoto, njia fupi iko wazi mbele yenu. Nikasema watu hawa wanajua kitu ambacho mimi sikufundishwa chuoni."

"Tulikuwa tunaogopa majivu yako."

Akaniangalia.

"Tulidhani ni uchawi," nikamwambia. "Ulikuwa unamwaga majivu alfajiri, unajificha. Tulizunguka tusikanyage. Hakuna kingine. Hakuna busara yoyote."

Aliokota kitambaa, akakikunja. Nikasikia watu wanapita barabarani wanaongea. Halafu akauliza, "Hata mama yako?"

"Mama ndiye aliyeanza."

"Na wale wageni wa mkoa niliowaleta? Alikuwepo."

"Alikuwepo."

Nilidhani atakasirika, au atacheka, na vyote viwili ningeviweza. Alimgeukia mkewe akasema, "Umesikia?" Na mkewe akasema, "Nilikuwa najua." Hapo ndipo nilipomwona mzee amekuwa mzee. Nilikuja kumuumiza na nilikuwa nimemuumiza, na haikunisaidia chochote, mkono wa binti yangu ulikuwa bado umevunjika na pikapu kesho itapita.

"Sasa ifanyweje?" nikamwambia. "Wewe ndiye unayejua."

"Ukiinyoosha kona, wataongeza mwendo. Ukiiacha, hawaoni. Ukiyabana mawe, kuni hazipiti. Ukiyaacha, mimi napita." Alisema *mimi*. "Sijui, mama. Kwa kweli sijui."

"Uiuze."

Akamwangalia mkewe.

"Basi nakwenda kukushtaki ofisini."

"Kashtaki. Lakini lete kwa maandishi. Ukisema kwa mdomo hawatafanya kitu. Taja mahali, taja gari, taja mwenye gari. Na ueleze unataka nini, usilalamike tu."

"Unanisaidia au unanicheka?"

"Sijui," akasema tena, na nilimwamini.

Nikaandika. Asubuhi nikapeleka. Karani alisoma kichwa cha barua, akaiweka kwenye trei ya pembeni, akasema, "Mambo ya njia za miguu tunampelekeaga Bwana Mipango, anatushauri."

"Si amepunguzwa?"

"Amepunguzwa, ndiyo. Ila anatushauri."

"Dada, ndiye ninayemshtaki!"

Akasoma tena, safari hii mpaka mwisho. Akakuna kichwa na kalamu. "Sasa mama, hapa kuna nani mwingine anayeijua njia hiyo?"

Nikaomba barua yangu irudi kidogo, nikaomba na kalamu, nikaongeza kipande cha mwisho nikiwa nimesimama pale dirishani, mtoto analia mgongoni. Barua niliyoikabidhi, iliyogongwa mhuri mbele yangu, ni hii:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAGARI KUPITA NJIA YA MIGUU NA KUJERUHI MTOTO

Mimi ni mkazi wa mtaa wa juu ya mwalo, mama wa watoto wawili. Nalalamika kama ifuatavyo.

Kwanza, binti yangu, mwanafunzi wa darasa la kwanza, amegongwa na pikapu ya samaki kwenye kona ya Njia ya Miguu, karibu na zahanati, akavunjika mkono. Dereva hakusimama. Mwenye gari ni afisa mipango wa zamani wa mji huu.

Pili, njia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya watu na baiskeli. Hakuna kibao kinachosema hivyo, kwa sababu wakati inatengenezwa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Naomba kibao.

Tatu, naomba mawe ya kila mwisho yasogezwe yabanwe, gari lolote lisipite. Wanawake wabeba kuni tunaomba tufunguliwe mlango wetu pembeni, ulio juu na si chini: ukuta mfupi ambao kuni zinapita juu yake na mwili unapita kwa ngazi. Jambo hili linawezekana. Nimelipima mwenyewe kwa kuni.

Nne, kona isinyooshwe mpaka mawe yabanwe. Baada ya hapo inyooshwe. Haina faida iliyokuwa ikisemwa.

Tano, mpaka hayo yafanyike, mimi na akina mama wenzangu tutawasindikiza watoto tukiwa tumeshikana mikono kukatisha upana wote wa njia, na hatutapisha honi.

Sita, nimeambiwa hapa dirishani kwamba barua hii itapelekwa kwa mlalamikiwa ili atoe ushauri, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua njia hiyo. Sipingi. Ashauri kama afisa, kisha ajibu kama mwenye gari, kwenye karatasi mbili tofauti. Majibu hayo yakipingana, naomba ofisi yako ifuate la afisa.